Betri Iliyofungiwa Kabatini

Mtaani walimwita Roho Juu, na hawakumwonea. Seremala huyu alikuwa mtu asiyetulia. Akipiga randa, masikio yake yako barabarani. Akila, macho yake yako mlangoni. Kinyozi wake alimnyoa huku amemshika sikio, asije akageuka ghafla akakatwa.

Lakini msimu huu wa joto wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Mama yake mzazi alikuwa akiishi naye. Mama alikuwa na kisukari, na kila siku alijidunga insulini. Akiba ya dawa hiyo hutunzwa kwenye friji. Haitakiwi kupata joto, na haitakiwi kuganda. Na umeme wa mtaa ulikuwa unakatika kila mara, wakati mwingine tangu asubuhi mpaka jioni.

Roho Juu alikuwa ameshanunua sola kwa ajili hiyo. Aliweka paneli juu ya bati, na betri kubwa nyeusi ndani ya nyumba. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Umeme ukikatika, friji yao iliendelea kuunguruma, na majirani wakaja kugandisha maji. Sasa mwaka haujaisha, na friji ilikuwa ikiunguruma kidogo tu halafu inanyamaza.

Siku moja asubuhi randa ya umeme ilizimika mkononi mwake. Hakungoja. Aliacha mlango wa mteja mezani, nusu umepigwa randa na nusu bado, akashika njia ya nyumbani. Mke wake alikuwa uani akianika nguo.

"Umerudi tena?" mke aliuliza. "Mteja akija kuuliza mlango wake, nimwambie uko kwenye friji?"

"Inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya kazi ulipoingia mara ya mwisho. Sasa hivi sijui, sijaioa mimi."

Roho Juu alifungua friji, akaingiza mkono. Akagusa boksi la dawa. Akafunga. Hakuridhika, akafungua tena. Dawa haikuwa baridi. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akijipepea kwa kipande cha kadibodi. Alimtazama mwanawe akifungua na kufunga.

Wiki hiyo walikwenda kliniki. Sukari ya mama ilikuwa imepanda sana. Muuguzi aliuliza dawa wanaitunza wapi, kisha akatikisa kichwa. "Insulini ikipata joto inapoteza nguvu," alisema. "Unaweza kuiona safi kama maji, kumbe haifanyi kazi." Alimpa mama dawa nyingine. Ya akiba akakubali ikae kwenye friji ya kliniki, mpaka nyumbani patengenezwe.

Habari zikamfikia dada yake Roho Juu, anayeishi nyanda za juu. Dada hakuzunguka.

"Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua mama," alisema kwenye simu. "Huku kwetu kuna baridi, na umeme haukatiki ovyo. Wewe umejitahidi, mdogo wangu, lakini mama si mbao ya kufanyia majaribio."

Maneno hayo yalimchoma. Alimpenda mama yake, na alitaka aendelee kuishi naye. Lakini kumuuliza mama mwenyewe anataka nini, aliogopa. Aliogopa mama atasema nakwenda.

"Leo hii nanunua betri nyingine," alimwambia mkewe. "Kama ile ile, ila kubwa zaidi."

"Ile ile iliyokufa?"

"Imekufa kwa sababu ni ndogo."

"Subiri kwanza," mke alisema. "Tumuulize Mwalimu Waya. Mara ya kwanza ulikataa, ukasema betri ni betri. Sasa betri yenyewe ndiyo hiyo."

Mwalimu Waya alikuwa mwanamke jirani yao, nyumba ya tatu. Alifundisha umeme katika chuo cha ufundi. Alikuwa na maneno mengi na alijua kwamba anajua, wala hakuwa na aibu kuhusu hilo. Alipofika jioni, alikunywa maji kwanza, akajifuta jasho, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

Mama aliinua mkono. "Mimi hapa."

"Si wewe, mama. Namuulizia betri."

Roho Juu alimpeleka stoo kwa fahari kidogo. Humo mlikuwa na kabati alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao ngumu. Alikuwa amelipiga msasa, akalipaka vanishi, akatia kufuli. Milango yake ilikutana barabara, hata wembe usingepita. Juu ya betri mke alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma, kama kile cha juu ya televisheni. Mwalimu Waya alifungua kabati, na hewa ya moto ikampiga usoni. Akarudi nyuma.

"Jirani," alisema, "hili kabati ni zuri kweli."

"Kazi ya mikono yangu."

"Basi mikono yako ndiyo iliyoua betri."

Mwalimu alinyanyua kitambaa kwa vidole viwili. Ubavu wa betri ulikuwa umevimba. Vichwa vyake vya kuunganishia nyaya vilikuwa na kutu na unga wa kijanikijani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mmeifungia kabatini, mmeivika nguo, na juu yake kuna bati linalopigwa na jua mchana kutwa. Betri ikichajiwa inatoa joto lake yenyewe. Hilo joto limekwenda wapi? Limebaki humu humu. Joto linazeesha betri. Betri ya miaka inakuwa ya miezi."

"Niliogopa wezi," Roho Juu alisema. "Na unyevu. Nchi yetu hii, ukiacha msumari nje unaota kutu."

"Unyevu uliuwaza vizuri. Lakini kabati lisilopitisha hewa linaufungia unyevu ndani pamoja na joto. Halafu kuna hatari nyingine. Betri ya asidi kama hii hutoa gesi inapochajiwa. Gesi hiyo ikijaa mahali palipofungwa, cheche moja tu inatosha kuilipua."

Mke alishika kifua. Stoo ilipakana na chumba cha mama. Roho Juu alikuwa amemwekea mama yake hatari ukutani, na akaitia vanishi.

"Na tena hii ni betri ya gari," Mwalimu aliendelea. "Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, gari liwake, basi. Wewe umeiambia ibebe friji usiku kucha. Ngoma ivumayo haidumu, jirani."

Roho Juu alikwenda kwenye friji akaifungua. Akaifunga. Akarudi. Akaenda tena.

"Anafanya hivyo kila siku?" Mwalimu aliuliza.

"Hapo ametulia," mke alijibu. "Kwa sababu kuna mgeni."

"Sikiliza, jirani. Kila ukifungua, baridi inatoka na joto linaingia. Friji inafanya kazi upya, inakula betri. Unaulaumu umeme, kumbe na wewe umo."

Kesho yake walikwenda dukani pamoja. Roho Juu alitangulia hatua kadhaa mbele, na kila kona akasimama kumngoja mwalimu huku akigonga gonga ukuta. Muuza duka aliwaonyesha betri kubwa kuliko zote, akaipiga kofi mgongoni.

"Hii ni kiboko," alisema. "Inawasha lori."

Mkono wa Roho Juu ulikuwa umeshaingia mfukoni.

"Yeye hana lori," Mwalimu Waya alisema. "Ana friji. Tuonyeshe za lithiamu."

Muuza duka alileta betri nyembamba, nyepesi kuliko ile ya lori. Roho Juu aliitazama kwa mashaka. Kwake yeye, kitu kizito ndicho kitu. Mwalimu aligeuza betri akatafuta karatasi iliyobandikwa nyuma.

"Soma hapa. Hizi herufi LFP maana yake ni lithiamu iliyochanganywa na chuma na fosfeti. Katika nchi za joto aina hii inavumilia zaidi, na inatulia kuliko lithiamu nyingine. Ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara, unaiua. Hii unaweza kutumia sehemu kubwa ya chaji yake na isidhurike. Ndani ina kidhibiti, ikipata joto kupita kiasi inajizima yenyewe."

"Kwa hiyo joto haliiwezi?"

"Nani kasema? Joto linaizeesha na hii. Inavumilia tu, haipendi. Ndiyo maana tunasoma namba za joto kabla ya kununua." Alimgeukia muuza duka. "Dhamana yake inakubali joto la nyumba zetu? Au ikifa mtatuambia ilipaswa kukaa kwenye kiyoyozi?"

Muuza duka alicheka, kisha akaona mwalimu hacheki. Akaleta karatasi ya dhamana, wakaisoma yote. Mwalimu akauliza pia kama kifaa chao cha kuchajia kinaendana na lithiamu. Hakikuendana, ikabidi kibadilishwe. Bei ilimuuma Roho Juu. Lakini alikumbuka kwamba za rahisi angezinunua tena na tena, akakubali.

"Na ukubwa?" aliuliza. "Tuchukue kubwa kabisa."

"Tuchukue inayotosha. Nyumbani itabeba nini?"

"Friji. Taa. Simu."

"Na pasi?"

"Mke wangu anapenda kunyoosha nguo."

"Anyooshe umeme ukiwepo. Pasi na birika ni walaji wakubwa. Tunataka betri ibebe friji na taa usiku mzima, na kesho yake kukiwa na mawingu bado iwe na chaji. Tukipiga hesabu ya hivyo, hatutakosea."

Siku ya kufunga, Roho Juu alikuwa tayari na mbao na futi. Alishachora kabati jipya kichwani, safari hii lenye matundu.

"Safari hii seremala apumzike," Mwalimu alisema. "Betri haitaki mbao wala nguo karibu. Mwite mchomeleaji atengeneze kichanja cha chuma."

Ilimuuma kidogo, mkewe akageuka pembeni kuficha kicheko. Waliichagulia betri mahali kwenye korido, mbali na vyumba vya kulala na mbali na jiko. Ukuta ule haukupigwa na jua, na hewa ilipita kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kichanja kiliinua betri kutoka sakafuni, unyevu usiifikie, na pande zote pakaachwa nafasi. Mlango wa nondo wa korido ulitosha kuwazuia wezi. Vichwa vya nyaya vilikazwa, na Mwalimu akamwonyesha mke namna ya kuvikagua kutu kila mwezi, baada ya kuzima mtambo kwanza. Paneli nazo ziliinuliwa kidogo juu ya bati, upepo upite chini yake. Betri ya zamani ilipelekwa kwa wanaokusanya betri chakavu, maana asidi haimwagwi mtaroni.

Mwisho Mwalimu alitoa kipimajoto kidogo. Kihisio chake kiliingia ndani ya friji kwa waya mwembamba, na kioo chake kikabandikwa nje ya mlango.

"Namba ikiwa kati ya mbili na nane, dawa iko salama," alimwambia Roho Juu. "Hufungui mlango. Unasoma, unakwenda zako. Na dawa isikae karibu na sehemu ya barafu, ikiganda imeharibika."

Akiba ya dawa ilirudishwa kutoka kliniki. Roho Juu aliendelea kurudi nyumbani kila umeme ulipokatika, ila sasa alisoma namba tu. Ilikuwa nne. Ilikuwa tano. Hata hivyo moyo haukutulia, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja na dada hakubadilisha neno.

Dada alifika mchana wa jua kali, na kwa bahati mbaya umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Roho Juu alikuwa akitembea kutoka sebuleni hadi koridoni na kurudi. Dada hakunywa hata maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akasoma namba. Akafungua, akashika boksi la dawa, akafunga haraka.

"Ni baridi," alisema.

"Kliniki wanasemaje?" akamuuliza wifi yake.

"Sukari imeanza kushuka. Muuguzi mwenyewe amefurahi."

Dada aliketi karibu na mama. "Basi dawa siyo shida tena. Mama, sijui umeamuaje. Gari ninalo, chumba ninacho. Useme mwenyewe."

Roho Juu alisimama katikati ya sebule. Swali aliloliogopa mwezi mzima lilikuwa limeulizwa na mtu mwingine.

Mama aliweka chini kipande chake cha kadibodi. "Nilikuwa nimeamua kwenda," alisema.

Dada alimtazama mdogo wake, na mama akaendelea.

"Haikuwa kwa ajili ya dawa. Dawa ingeweza kulala kliniki. Nilikuwa namwona huyu anaacha kazi yake, anakimbia juani, anafungua friji, anafunga, hali, halali. Nikasema moyoni, nimekuwa mzigo kwa mwanangu. Heri niondoke apumzike."

Roho Juu alihisi machozi. "Mama, mimi nilikuwa nakimbia ili usiondoke."

"Najua sasa. Wakati ule hukusema. Ulikuwa unaongea na friji."

Mke na dada walicheka, na Roho Juu akacheka na machozi yake.

"Kwa hiyo unakwenda au unakaa?" dada aliuliza.

"Nakaa," mama alisema.

Koridoni mtambo wa betri ulilia tik, na friji ikaanza kuunguruma. Roho Juu akageuka aende kuangalia. Mama akamshika mkono.

"Na wewe kaa," alimwambia.

Akakaa.