Wimbo Uliopelekwa Shighatini

Kifuniko cha sufuria kilianguka gizani, kikazunguka sakafuni kama kinachotafuta pa kulala, kikanyamaza. Nje jua la Same liliwaka, lakini chumbani dirisha lilikuwa limezibwa kwa godoro, na blanketi zilining'inia kila ukuta. Hata feni ilizimwa isivume.

"Mama, samahani," sauti ndogo ilisema kutoka pembeni.

Dorkas alikuwa ndiyo kwanza anamaliza ubeti wa mwisho, mdomo karibu na maiki. Mbele ya maiki, Loth alikuwa amevalisha soksi ya nailoni kwenye waya wa hanga ili pumzi zisiipige.

"Imeharibika hiyo," Asheri, mpiga gitaa, alisema huku akicheka.

"Haijaharibika." Uso wa Loth uling'aa kwa mwanga wa laptop ya mtumba. "Mama Agape hajawahi kuimba hivi. Tunaiacha na kifuniko chake."

"Na mtoto?"

"Na mtoto. Hii si studio ya Dar, ni nyumba ya watu."

Siku hiyo Dorkas alimpenda Loth mpaka akaogopa.

Walikuwa wamekutana stendi. Dorkas, katika gauni lake la kitenge cha njano, alitaka kuwekewa nyimbo kwenye flashi, na wakati akisubiri alikuwa akiimba chini chini. Mwenye kibanda cha kutengeneza simu, kijana mrefu wa Shighatini, milimani Ugweno, aliinua kichwa.

"Dada, unaimbia studio gani?"

"Jikoni kwangu."

"Basi nitakuja kurekodi huko huko."

"Karibu. Ila uje na mkaa."

Alikuja na mkaa kweli, na laptop mgongoni. Bendi yake na Asheri haikuwa na uwezo wa kulipia studio, na maiki ilikuwa moja tu, kwa hiyo walirekodi kwa zamu: gitaa kwanza, kisha Dorkas anavaa hedifoni na kuimba juu yake. Asheri alipoleta trei za mayai abandike ukutani kuzuia mwangwi, Loth alimwambia azirudishe dukani, blanketi zinatosha. Lori likipita barabara kuu, wote walinyamaza mpaka limalize mlima.

Wimbo ukatoka. Bodaboda wakaupiga, redio ikaupiga.

Jumapili moja Loth alirudi kutoka kwao Shighatini, akamwachia Dorkas simu yake wakati anakwenda kuoga. Dorkas akaufungua wimbo. Akasubiri kifuniko. Hakikuanguka. Akasubiri ile samahani. Haikuja.

"Umemtoa Agape?"

"Zilikuwa kelele tu, mpenzi," Loth alisema, akijifuta maji. "Redio hawataki kelele."

Alimwamini hadi kesho yake, alipomkuta Asheri sokoni.

"Redio tuliwapa ile yenye mtoto, shemeji, na wameipenda hivyo hivyo," Asheri alisema. "Hiyo nyingine kaitengeneza ya kumpelekea mama yake." Akaona uso wa Dorkas, akajishughulisha na nyanya.

Dorkas alipiga simu hapo hapo.

"Loth, mama yako anajua nina mtoto?"

"Mpenzi, ngoja nikueleze."

"Nijibu kwanza."

"Nilitaka akusikie. Akupende. Mengine yangefuata."

"Agape ndiye mengine?"

Akakata. Kwa majuma kadhaa hakupokea simu zake. Alishona sare za shule, cherehani ikawa ndiyo inayoongea humo ndani, na kila bodaboda iliyopita na ule wimbo ilimchoma.

Kisha Loth akaja, shati jeupe limenyooshwa, mkungu wa ndizi za Ugweno begani. Agape akamkimbilia, akamkumbatia mguu. Hilo ndilo lililomuuma Dorkas kuliko yote.

"Nimekosa," Loth alisema. "Nataka kukuoa, Mama Agape."

"Na mama yako?"

"Amekubali. Anausikiliza wimbo wako kila siku. Anataka kukusalimia." Tayari alikuwa anabonyeza namba. "Leo msalimie tu. Habari za Agape nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Baada ya posa."

Dorkas alielewa kwamba baada ya posa ingekuja baada ya ndoa, na baada ya ndoa ingekuja baada nyingine.

"Mama, ongea na Dorkas," Loth alisema kwenye simu. Mtaa mzima hakuna aliyemwita hivyo tangu ajifungue.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Una sauti imetulia, mpaka nikiisikia naacha kuchambua maharage. Loth kaniambia uko peke yako huko, huna mtu. Njoo, nitakuwa mama yako."

Ilikuwa sauti ya mama mwema. Dorkas angeweza kuipenda miaka yote. Machozi yakamjaa, na Loth, akidhani ni ya furaha, akaunganisha viganja kumshukuru. Dorkas akaviangalia vile vidole virefu, vilivyoweza kumkata mtoto kwenye wimbo pasibaki hata kovu.

Akachuchumaa, akaiweka simu sikioni mwa Agape.

"Mama Agape, usifanye hivyo," Loth alinong'ona, akinyoosha mkono. Dorkas akamzuia kwa bega.

"Msalimie bibi," alimwambia mwanawe. "Mwambie jina lako, na la mama yako."

Agape akasimama wima kama wanavyofundishwa shule ya Jumapili, akavuta pumzi.

"Shikamoo bibi, mimi naitwa Agape, na mama yangu ni Dorkas."