Nani Anachimba Shimo ya Njia ya Oraba?

"Shafiki, trela!!"

Mke yangu Zam alisema hivyo tu, boda yetu ikaingia kwa shimo.

Pwaa!

Mi nikaruka huku. Zam akaruka kule... katikati ya barabara! Na trela ya kutoka mpakani Oraba iko nyuma yetu, honi inalia kama ng'ombe ya kuchinjwa!

Wallahi ndugu zangu, tairi ilisimama hapo hapo karibu na kichwa yake.

Kichwa ikapona. Mguu ikavunjika.

Daktari akafunga plasta, akaniangalia bila kucheka.

"Kijana, huyu akianguka tena, hii mguu haitatembea vizuri. Na kila wiki umlete niangalie."

Kila wiki! Na njia ni ile moja tu!

Mi nilitoka shule mapema, barua ya kizungu siwezi. Lakini mdomo iko.

Nikaenda ofisi ya barabara.

"Mkubwa hayuko."

"Atarudi lini?"

"Rudi kesho."

Kesho nikarudi.

"Mkubwa iko kwa mkutano."

"Mi nangoja."

"Ngoja, lakini si kwa hii kiti."

Nikapiga picha ya shimo, nikatuma kwa simu yao. Tiki mbili, buluu. Wameona! Kimya...

Nikapiga simu.

"Tumesikia, kijana."

Mmesikia nini?! Kwani mi naimba?

Basi nikapiga simu kwa redio. Hapa Koboko kuna programu ya asubuhi, watu wanapiga simu wanalia shida zao, mtangazaji ni dada moja anaitwa Norah. Kila mutu anasikiliza. Hata mama yangu, Mama Hawah. Yeye anauza mayai ya kuchemsha pembeni ya ile shimo yenyewe, na redio yake ndogo haizimi.

"Norah, mi ni Shafiki wa steji ya boda ya soko! Hawa watu wa barabara wanangoja tufe ndiyo walete udongo?"

Steji nzima ikapiga makelele. "Chapa hao, Shafiki! Chapa!"

Na kweli, lori ikaja! Mkubwa ya kazi alikuwa mzee moja anaitwa Lukudu, akaniachia namba yake. Wakamwaga maramu, ile udongo nyekundu ya barabara, wakashindilia mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Nikapeleka Zam hospitali pole pole, hakulia hata kidogo.

Nikajiona mi ndiyo mwanaume ya Koboko.

Wiki haijaisha... shimo iko pale pale!

Nikapigia Lukudu.

"Mzee, mlishindilia na nini, na ugali?"

"Tutarudi," akasema, na sauti imechoka.

Wakarudi. Wakajaza. Shimo ikafunguka tena!

Hapo hasira ikanishika vibaya. Siku ya hospitali ilikuwa karibu, na Zam alikuwa anaogopa mpaka usiku halali. Nikarudi kwa redio.

"Huyu Lukudu ni mwizi! Analeta udongo ya bure! Na kama si yeye, mi nitatafuta nani anaharibu hii barabara, na kesho nitataja jina hapa hapa!"

Simu yangu ikalia mara moja. Lukudu.

"Kijana, watoto yangu wamesikia unaniita mwizi. Sawa. Sasa enda uangalie ile shimo, kando kando. Halafu uniambie kama mvua inachimba na jembe."

Tuuu... amekata.

Asubuhi, watu bado wanatoka msikiti, mi nikaenda. Nikakuta mutu ameinama kwa barabara, kitenge imefungwa kiuno, jembe inapanda, inashuka. Kwaa! Kwaa!

Nikashika ile jembe kwa nguvu.

"Leo nimekupata, we mchawi!"

Mutu akageuka...

"Mama?!"

"Kwanza salamu, Shafiki. Kwani umelelewa na nani?"

"Mama! Zam alivunjika hapa hapa!"

"Najua. Na hospitali yake nani analipa? Wewe? Trela ikipita mbio, nani ananunua yai? Ikipunguza mwendo hapa, mi nauza. Nikiuza, mke yako anatibiwa. We na mdomo yako, umeleta nini nyumbani?"

"Na akianguka tena?"

"Mi nachimba upande ya trela tu. Boda ipite pembeni."

"Mama, trela ikikwepa shimo, inakuja kwa hiyo pembeni!"

Akaangalia ile pembeni ya boda. Halafu akatoa jembe kwa mkono yangu... akaendelea kuchimba.

Jameni! Mngefanya nini?

Nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka jua ikapanda. Mama amepanga mayai yake, redio inaongea. Simu ikalia.

"Shafiki!" Ni Norah. "Koboko yote inangoja. Ni nani?"

Ningesema ni mvua. Ningesema sijui. Lakini kesho ni hospitali, na Zam atapita hapa juu ya boda...

"Si Lukudu," nikasema. "Mzee Lukudu, nisamehe. Ni mama yangu. Mama Hawah wa mayai."

Nikasikia sauti yangu inatoka kwa redio yake.

Mama hakulia. Hakutukana. Akafunika mayai, akaweka ndoo kwa kichwa, akaenda.

Lukudu akajaza shimo siku hiyo. Mpaka leo haijafunguka. Trela zinapita kama ndege.

Mama sasa anauzia huko Oraba, mpakani, mahali trela zinasimama zenyewe. Hospitali alilipa mpaka mwisho, alikuwa anapea Zam pesa kwa mkono. Mimi? Hata salamu hapana.

Plasta ilitoka, Zam anatembea vizuri. Mi nilifikiri atanishukuru. Akaniuliza tu:

"Shafiki, mbona hukuniambia mimi kwanza? Mi ningeongea na mama. Lazima mpaka Koboko yote isikie?"

Mimi, mwenye mdomo, nikapiga boda kiki, nikaenda steji.

Nyinyi mnaopigia ofisi kelele, pigeni, hata mi nitapiga tena. Lakini shimo ikizibwa na inarudi, inazibwa na inarudi, uliza kwanza nani anakula kutoka hapo. Mi niliuliza mwisho... kumbe sahani ilikuwa yangu.