Kijana Aliyenyongwa Mara Thelathini na Nane

Siku ya pili baada ya kurudi kutoka safari ya maonyesho, Opoka alivaa sweta mbili, akajifunika koti zito la doria la mama yake, akaketi nje saa saba mchana, juani, akitetemeka. Kampala ilikuwa inawaka siku hiyo. Kuku wa kambi ya polisi walikuwa wamejibanza chini ya tangi la maji. Koplo Atoo, mama yake, alimgusa kwenye paji la uso akitafuta malaria, akakuta baridi tupu.

"Ni uchovu tu, Mama."

"Uchovu gani unanuka hivi?"

Maana alinuka. Alinuka blanketi la sufu lililolowa, na moshi wa mishumaa, na kitu kingine chini yake, kama chumba ambacho hakijafunguliwa miaka mingi. Atoo alimvua sweta moja akainusa. Sweta haikunuka chochote. Harufu ilikuwa ya mwanawe mwenyewe.

Sasa ngoja nikueleze alikotoka, kwa sababu ubaya wenyewe ulianzia huko, kwenye vicheko. Opoka alikuwa mchekeshaji katika kundi la Jasper, pale Kamwokya. Jasper ni mtu wa kipaji, sikatai, lakini hana breki. Alisoma katika kitabu kikuukuu kisa cha mwanafunzi mmoja wa nchi za baridi huko Ulaya, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Kijana alifanya mzaha juu ya Mungu akitoka kunywa na wenzake; wenzake wakamchongea; mahakama ikamnyonga kwa kosa la kukufuru. Alikuwa na miaka ishirini. Mahakama ikaamuru na jina lake likwanguliwe katika vitabu vyote, asije mtu akalitaja tena.

Jasper akasoma hayo, akaona vichekesho. Akatunga mchezo wa kuimba, ngoma juu, mahakimu wenye matumbo ya mito. Opoka ndiye alikuwa kijana. Mwishoni, kitanzi kikiwa shingoni, aliwageukia watazamaji akaimba, "Nipeni jina, nife nalo!" Basi ukumbi mzima unapiga kelele. Jinja walimwita Katogo, ule mseto wa ndizi na matumbo. Lira wakamwita Simsim, yaani ufuta. Arua mama mmoja alisimama juu ya benchi akamwita Kaveera, mfuko wa plastiki, watu wakacheka mpaka mbavu hawana. Kisha Opoka anaangushwa, ulimi nje, miguu ikicheza hewani kwa mdundo wa ngoma. Walionyesha mara thelathini na nane. Hakuna hata ukumbi mmoja ambao mtu alilia.

Jioni ile Florence, jirani wa mlango wa tatu, alitumiwa kitu kwenye simu akacheka. Kicheko cha kawaida tu cha mwanamke aliyetoka kazini. Opoka alikuwa anakunywa uji. Bakuli likamtoka mkononi, mikono ikaenda shingoni, macho yakamtoka, na hewa ikagoma kuingia. Florence aliponyamaza, ikaingia.

"Umepaliwa?" aliuliza Atoo.

"Ndiyo, Mama."

Lakini kesho yake watoto walicheka bombani, akakabwa. Mchana askari wawili walicheka njiani kwenda lindo, akakabwa tena, na safari hii Atoo alikuwa amekaa naye uso kwa uso na akaona kwa macho yake mstari ukijichora shingoni mwa mwanawe, mwekundu, ukipanda nyuma ya sikio la kushoto, mpana kama kidole. Miaka ishirini na sita polisi. Mstari ule alikuwa ameshauona kwenye maiti.

Alipiga pasi sare, hata mkunjo wa mkono, akaivaa, akapita mlango kwa mlango.

"Naomba msicheke," alisema.

"Afande?"

"Nyumba hii yote. Naomba msicheke, hata kidogo. Mtoto wangu anakufa."

Bambi, maskini! Watu wa kambi wana mdomo, lakini siku ile hakuna aliyemjibu vibaya. Florence alizima redio akaanza kulia hapo hapo. Watoto walipelekwa kwa shangazi zao Nateete. Kantini ikafunga televisheni. Kambi nzima ikanyamaza, wanaume wakapita wameinamisha vichwa, lakini nani ataunyamazisha mji? Nje ya ukuta kulikuwa na waendesha bodaboda wakitaniana, na wauza nyanya, na mlevi mmoja aliyekuwa akicheka peke yake tangu asubuhi, na kila sauti ya furaha iliyoruka ukuta ule ilimfikia Opoka kitandani ikamkaza, ikamwachia, ikamkaza, na Atoo akiwa amepiga magoti kando yake, vidole vyake viwili amevipenyeza kati ya shingo na ile kamba isiyoonekana, akiihisi, wallahi akiihisi kabisa, ngumu na yenye nywele nywele, ikivibana vidole vyake mpaka kucha zikawa bluu.

Siku ya nne Jasper alikuja. Aliingia na utani mdomoni kama kawaida yake, akaiona ile shingo, utani ukamfia.

"Mama, mimi nilidhani ni mchezo tu. Huyo mtu alikufa zamani sana."

"Na mimi nilidhani unamtafutia mwanangu kazi," alisema Atoo. "Nenda ukatafute mtu anayejua mambo haya."

Jasper alirudi na Kaltumi, aliyeitwa Haboba, yaani nyanya, bibi wa Kinubi kutoka Bombo, wa ukoo wa wale askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudani. Alikuwa mfupi, mkali, na shanga zake kubwa za udongo. Alifukiza ubani chumbani, akafunga dirisha, akakaa kitandani kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Salamu, mgeni," alisema. "Wewe nani?"

Midomo ya Opoka ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kijana mpole, mwenye adabu, na ilizungumza Kiswahili cha jukwaani, maneno ya mchezo wa Jasper, kana kwamba hayo ndiyo pekee aliyojifunza.

"Nipeni jina."

Jasper alikimbilia nje.

Kaltumi alizungumza naye kwa kunong'ona karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa amechoka, na ukali umemwisha.

"Si mzimu wa yule kijana," alimwambia Atoo. "Maiti hatembei. Huyu ni karini wake. Kila mtu na jini wake huzaliwa siku moja. Mtu akifa, akaliliwa, akazikwa kwa heshima, karini naye huenda zake. Huyu, mwenzake alinyongwa, watu wakacheka, jina likafutwa. Amebaki pale pale, chini ya kile kitanzi. Halafu nyinyi mkaenda kumwamsha, mkamcheka mara thelathini na nane."

"Anataka nini?"

"Kuliliwa. Mara moja tu, kwa machozi ya kweli."

Atoo karibu atabasamu. Kwa sababu hapo walikuwa wamefika kwenye kazi yake. Kambi ile askari akifa, ni Atoo anayeongoza maombolezo, kwa desturi ya kwao Acholi. Yeye ndiye anayeanzisha wimbo, anausukuma, anaupandisha, na ukifika juu kabisa, pale pumzi inapoishia, analitaja jina la marehemu na wanawake wote wanalipokea. Hapo ndipo hata wanaume wagumu huvunjika.

"Hiyo naiweza, Haboba."

"Sikiliza vizuri," Kaltumi alimshika mkono. "Huyu hana jina. Utamwita mwanangu, basi. Na jina la aliye hai lisitajwe kwenye kilio hicho. Umenisikia? Lisitajwe kabisa."

"Nimesikia."

Alhamisi, saa tisa mchana, walitandika mikeka mbele ya nyumba. Moto uliwashwa kama penye msiba. Wanawake wa kambi walikuja wamejifunga kanga kiunoni, Florence mbele. Jasper alikaa mwisho na kichwa kati ya magoti. Ndani, mlango wazi, Opoka alilala ubavu, akikoroma kwa koo lililobaki tundu la sindano.

Atoo akaanza. "Mwanangu, mwanangu wa mbali."

Sauti ilitoka nzuri, lakini kavu. Alimwimbia kijana ambaye hakuwahi kumbeba, wa nchi ambayo hakuwahi kuiona. Alitaja baridi, alitaja wale rafiki waliomchongea. Wanawake waliitikia. Hakuna chozi. Nusu saa, saa nzima. Nje ya ukuta mtu alicheka, na ndani kitanda kikagonga ukuta, miguu ikianza kupiga, na ikapiga kwa mdundo ule ule wa ngoma ya Jasper.

"Lia, mwanamke!" alisema Kaltumi kwa sauti ya chini. "Anamalizika!"

Utalilia vipi usiyemjua? Atoo alifumba macho akamtafuta yule kijana, akakuta giza. Basi akafanya ambalo mama yeyote angelifanya, akaazima uchungu pale alipokuwa nao. Akamfikiria wake. Akamwona mchanga, amefungwa mgongoni, yuko likizo kijijini kwao, usiku wanakimbia risasi kwenda kulala mjini Gulu. Akamwona ana miaka mitano, anaigiza mwendo wa kamanda wa kambi, na kamanda mwenyewe anacheka mpaka anafuta machozi. Akamwona na bakuli la uji, na shingo ile, shingo aliyokuwa akiipaka mafuta, na kitu kikapasuka kifuani mwake na machozi yakamwagika na sauti ikapanda, ikapanda, haikuwa sauti ya mtu sasa, wanawake wote wakainuka nayo, Florence akajitupa chini, hata askari wa zamu getini akavua kofia, na sauti ilipofika juu kabisa, pale pumzi inapoishia, pale ambapo kwa miaka ishirini na sita pamekuwa na jina, jina likaja.

"Opoka!"

"Opoka!" wakapokea wanawake wote.

Ndani, miguu ikatulia.

Kaltumi peke yake ndiye aliyejipiga kichwa kwa mikono miwili. Wengine walikuwa wameshaanza kushangilia, kwa maana Opoka alikuwa amesimama mlangoni. Amevua sweta. Shingo ilikuwa safi. Harufu haikuwepo, jasho lilimtoka usoni, jasho zuri la joto, na alikuwa anawatazama watu wote wale waliolia kama mtu anayeona zawadi. Mmoja akacheka kwa furaha, akajiziba mdomo, hakuna kilichotokea. Basi wakacheka wote.

Atoo alimkimbilia, akamshika mashavu, akamsemesha Kiacholi, maneno yao ya jikoni, wao wawili tu. Kijana alingoja kwa adabu mpaka akamaliza. Hakuwa ameelewa hata moja.

"Siku ile mama yangu hakuja," alisema kwa Kiswahili kile cha jukwaani. "Watu walikuwa wengi sana. Nilimtafuta, sikumwona. Wewe umekuja."

Atoo alimwachia mashavu, akamgeukia Kaltumi.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Umemlilia," alinong'ona Kaltumi. "Na watu wote wakaitikia. Aliyeliliwa huenda, Koplo. Hata mimi siwezi kumrudisha."

"Mtoe huyu, basi. Mtoe!"

"Nitamtoa ukitaka, sasa hivi. Lakini utabaki na maiti, na chozi la kumlilia umeshalitoa."

Watu walikuwa bado wanacheka na kukumbatiana. Jasper alikuwa anapiga makofi na machozi yanamtoka, anamwita Opoka aje, aje wamwone. Kijana hakwenda. Alibaki mbele ya Atoo, mikono imening'inia, uso ule ule, kovu lile lile juu ya nyusi, akingoja aambiwe kama atafukuzwa au atabaki. Miaka ishirini. Opoka naye alikuwa na ishirini.

"Nimtoe?" aliuliza Kaltumi.

Atoo akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamsogezea kiti.

"Kaa," alimwambia. "Hujala tangu lini?"