Mshale Uliopumua

Jumapili saa tatu asubuhi Toyer Gamieldien alizima mashine ya kunyonya hewa, akafunga vali, akakaa juu ya ndoo kuangalia mshale wa geji. Mabomba ya kiyoyozi hayakuwa na kitu ndani, si gesi, si hewa. Mshale ulipaswa kutulia chini kwa nusu saa. Ukitulia, angejaza gesi.

Mshale ulipanda kidogo. Kisha ukashuka.

Kupanda alikuelewa: kuna tundu mahali. Kushuka hakukuelewa. Alikuwa ametengeneza majokofu mjini Worcester kwa miaka thelathini na sita. Akasukuma naitrojeni kwenye mabomba, akapaka povu la sabuni kila kiungo. Hakuona kiputo. Akanyonya upya, akafunga vali. Mshale ulipanda kwa sekunde nne, ukashuka kwa sekunde nne.

Gari lilikuwa la zamani, lenye vitanda na jiko nyuma. Alilinunua kwa Boeta Armien, kaka mkubwa wa mtaani anayeswali naye msikiti mmoja, kwa sababu ya kifua cha mkewe. Desemba iliyopita, katikati ya kiangazi, kwenye kambi ya likizo na dada zake, Rugaya alitolewa hemani midomo imekuwa ya bluu. Daktari alisema joto kama lile halitamwacha mara ya pili. Rugaya alisema kambini ataenda tu. Ikabaki kazi ya Toyer kumpatia baridi.

Rugaya alikuja na chai na sahani ya koesister, maandazi ya shira.

"Bado inavuja?"

"Haivuji."

"Sasa unakodolea nini? Mimi hujanitazama hivyo tangu harusi."

"Njoo uone."

Rugaya aliinama. Baada ya muda akaacha kutafuna.

"Boeya," alisema taratibu. Alimwita hivyo, baba, tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. "Hiyo inapumua."

"Chuma hakipumui. Armien kafanya kitu humu. Aliniambia tengeneza vyote, kiyoyozi kiache. Nani anauza gari halafu anakupangia cha kutengeneza?"

Alifungua kisanduku cha kiyoyozi nyuma ya dashibodi. Ndani, kwenye mapezi ya bati, kilikuwa kimebanwa kifuko cha kitambaa cha kijani, ukubwa wa kidole gumba, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kilinukia majani ya mchungwa na mafuta ya waridi.

Rugaya alicheka, pumzi ikapiga mluzi.

"Rampies hizo, vifuko vya manukato vya Maulidi. Marehemu mke wa Armien tulikuwa tunakaa naye mkeka mmoja kila Maulidi tukikata majani. Lete, nizitie kabatini kwenye mitandio."

"Rampies zinafungwa kwa karatasi. Hiki kimeshonwa."

"Basi alijua kushona. Wewe kila mtu unamshuku."

Toyer alimshuku Armien. Kifuko alimwachia mkewe, kwa sababu kila kabati la mtaa ule lilinukia hivyo.

Alinyonya upya. Mshale ulishuka, ukatulia nusu saa, kisha saa nzima. Akajaza gesi. Gari likatoa baridi.

Baada ya swala ya adhuhuri alimkuta Armien mlangoni mwa msikiti, anatafuta viatu.

"Boeta, kiyoyozi chako kimekubali."

Armien aliacha kutafuta. "Ulifungua kisanduku?"

"Nilifungua."

"Kifuko umekirudisha?" Sauti ilikuwa ya chini sana.

"Kilikuwa cha nini?"

"Mtu wa visomo alifungia kitu mle, kisikae nyumba yenye watu. Marehemu wangu alikuwa na kifua, unajua. Kile kitu kinapenda kifua kibovu. Kinamsaidia mtu kupumua. Mwanzoni unashukuru."

"Na baadaye?"

Armien alivaa kiatu kimoja. "Kiko wapi, Toyer?"

Toyer alikuwa ameshatoka, akaendesha hadi nyumbani katika joto la nyuzi arobaini na moja, akaingia, akakuta ukumbi una baridi ingawa nyumba yao haikuwa na kiyoyozi hata kimoja, harufu ya majani ya mchungwa ikazidi kila alipopiga hatua, na alipousukuma mlango wa chumba cha kulala aliona vioo vya dirisha vimefanya ukungu kwa ndani, kabati wazi, mitandio sakafuni, na Rugaya amelala chali, kifuko kiko juu ya kifua chake, uzi mweusi umefumuka wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi pumzi yake haikupiga mluzi, ilipanda kwa sekunde nne na kushuka kwa sekunde nne.

"Rugaya," alinong'ona.

Hakufumbua macho.

"Funga mlango, fundi," alisema. "Baridi inatoka."