Kivuli cha Mkuyu wa Naitiri

Rafiki yangu Nanjala hana muda na mashetani. Hata maombi marefu humchosha. Jumamosi moja alitoka Kitale kumpelekea Mayi, mama yake, dawa za presha kule Naitiri, akakuta mkuyu uliokuwa ukifunika chemchemi yao umekatwa. Kilichobaki ni kisiki, na chemchemi imekuwa matope yaliyopasuka.

Kakake Mukhisa alikuwa amekalia kisiki, anatafuna muwa. Nanjala akamsogelea kwa hasira.

"Umeuza mti wa babu?"

"Si tuliuombea kwanza, bana. Pasta mwenyewe alikuja."

"Ati mliuombea! Na Mayi atachota maji wapi, kwa pasta?"

Mukhisa akacheka. Ndipo Nanjala alipogundua kwamba wamo kivulini. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na bado giza baridi lilikuwa limetanda kutoka kwenye kile kisiki, lina matawi, lina majani yanayotikisika. Juu yao, mahali palipokuwa patupu, mlio ukaanza, wa mti mzito unaopasuka polepole. Kivuli kikageuka, kikalalia nyumba ya mama yao.

"Mayi! Toka nje!"

Mama akatoka na sufuria mkononi, akiuliza nani amekufa. Nyuma yake majani yakavuma, kisha kikaja kishindo kilichotikisa ardhi. Kuku wakatawanyika.

"Ni upepo," Mukhisa alisema.

Nanjala alikuwa akitazama paa. Mabati yalikuwa yamebonyea hadi kwenye kuta, na juu yake hakukuwa na kitu.