Upande wa Pili wa Kanda

Siku ya gulio Bariadi, spika mbili za duka la kanda zilishindana na kelele za wauza mitumba. Wilhelmina, mwalimu mpya kutoka chuoni, alisimama pembeni na sketi yake ya bluu iliyonyooshwa pasi, akangoja wanaume wapungue ndipo akasogea.

"Mwangaluka, mwalimu," alisalimia Jilala, mwenye duka, kofia kaigeuzia kisogoni. "Nikurekodie kwaya?"

"Hapana. Rap."

"Wewe?"

"Kwani walimu hawana masikio?"

Jilala alicheka mpaka akaangusha kanda. Akamrekodia albamu ya vijana wa Temeke. Wiki iliyofuata Wilhelmina aliirudisha arekodiwe nyingine juu yake, na kwenye karatasi ya jalada alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa ubaoni: "Wimbo wa kwanza, majigambo. Wa tatu, magari ambayo hajapanda. Wa sita anamwomba mama yake msamaha, hapo nimemwamini."

Tangu hapo Jilala akawa anazisubiri karatasi zile kuliko wateja. Mdomoni Wilhelmina alikuwa mzito. Akishika kalamu hakumwogopa mtu. Haukupita muda wakawa wanakunywa soda pamoja, na kila Jumamosi Jilala alimpigia kwenye kibanda cha simu karibu na shule.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ila kanda yako ya juzi mbovu."

"Ndiyo salamu hiyo?"

Siku moja Jilala alimpa kanda isiyo na jina. "Jamaa mmoja karekodi Mwanza," alisema, akiangalia pembeni. "Niambie ukweli."

Wilhelmina aliandika: "Upande wa kwanza anaiga lafudhi ya Dar. Anasifu ufukwe ambao hajaukanyaga. Simjui ni nani, na nadhani hata yeye hajijui."

Jumamosi simu haikulia. Iliyofuata pia kimya. Ndipo Flora, dada yake Jilala, alipomkuta kwenye meza za nyanya.

"Wifi, umemmaliza kaka yangu! Yule anayeimba kwenye ile kanda ni yeye. Ameuza dume la ng'ombe aliloachiwa na babu, akaenda studio."

Nyanya zilimtoka Wilhelmina mikononi. Alikwenda dukani moja kwa moja, na safari hii hakungoja wateja wapungue.

"Nilichoandika sikifuti," alisema.

"Sijakuomba ufute." Jilala hakuinua macho.

"Lakini upande wa pili sikuuandikia."

"Niliona. Ulichoka kusikiliza."

"Sikuchoka! Ule wimbo wa kuswaga ng'ombe kwenda mtoni, ulioimba kwa sauti ya huku kwetu, nimeusikiliza mpaka betri zikaisha. Nililia." Akajifunika uso kwa kanga. "Sasa ningekuandikiaje, Jilala, kwamba sauti ya mwanamume mwingine imeniliza?"

Mama mmoja akaguna kwa furaha.

Jilala aliitoa ile kanda chini ya meza. Kwa ncha ya bisibisi akavunja vile vibanzi viwili vya plastiki mgongoni mwake, ambavyo vikishatoka kanda hairekodiwi tena kitu kingine.

"Hii ni yako. Haifutiki," alisema taratibu. "Wazee wangu wakifika kwenu Shishiyu Jumapili, baba yako atawapokea?"

Wilhelmina aliteremsha kanga.

"Atawapokea. Ila na wewe ukija, usije ukamwimbia upande wa kwanza."