Bomba Lisilo na Hewa

Rafiki yangu, fundi friji, si mtu wa kuzusha. Shemeji yake alijiundia, ndani ya stoo ya nyumbani kwake, mashine ya kurusha chembe za umeme kwa kasi, ndani ya bomba la kioo lililonyonywa hewa yote. Mtaa mzima ukamsifu.

"Pampu ya kunyonyea hewa ni yangu, sifa ni zake!" rafiki yangu akaniambia, roho ikimuuma.

Mchana akaenda kuichukua pampu yake. Dada yake akamwonya, "Mume wangu hayupo. Mashine ameizima, lakini umeme hubaki humo. Usiguse kioo."

Stoo haikuwa na dirisha; ilikuwa giza totoro. Akasikia mtu anahema. Akadhani ni yeye mwenyewe, kwa kijicho chake, akabana pumzi.

Kuhema kukaendelea.

Akawasha tochi. Bomba lilikuwa limefungwa, tupu. Ukungu wa pumzi ulikuwa ukitanda na kufifia kwenye kioo, kwa ndani.